Mshauri wa Familia Hospitalini

Msikilizaji unayeishi Marekani, kisukari cha baba si cha baba peke yake. Mama ndiye anayepika. Binti ndiye anayemkumbusha dawa. Na ugomvi wa ugali kila jioni haumsaidii mgonjwa.

Wapo washauri wa familia waliosomea kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Rochester, jimboni New York, hutoa shahada ya uzamili ya ushauri huo ndani ya kituo chake cha tiba. Mwanafunzi huketi na familia kuzungumza, msimamizi akimfuatilia. Hatoi dawa. Mnazungumza, wote.

Basi muulize daktari wako: mshauri wa familia yupo? Narudia, muulize daktari. Omba na mkalimani, hutalipishwa. Mtoto asiwatafsirie, jamani. Mengine si ya masikio yake.