Macho ya Mgonjwa wa Akili Yasipuuzwe



Mgonjwa wa akili asemapo kuwa haoni vizuri, jamaa zake wasiharakishe kudhani kuwa maradhi yamezidi. Huenda sababu ni dawa. Kloropromazini, iliyoanza kutumiwa kutibu maradhi hayo mjini Paris mwaka 1952, imewarudisha wengi majumbani kwao. Lakini kipimo kikubwa kwa miaka mingi huweza kuacha chembechembe katika lenzi ya jicho. Amitriptilini, na pia benzeksoli itolewayo kutuliza mtetemeko uletwao na dawa nyingine, huweza kulegeza misuli ya jicho, maandishi ya karibu yakaonekana kama yamo ukunguni.

Hatari kubwa ni mgonjwa kuacha dawa kwa siri. Ugonjwa hurudi, naye hulaumiwa kwa ukaidi. Wajibu wetu ni kumsikiliza na kumpeleka kwa daktari, ambaye aweza kupunguza kipimo au kubadili dawa. Jicho likiuma ghafla, likawa jekundu, na taa ikaonekana imezungukwa na miduara ya rangi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kutibu akili si ruhusa ya kuyasahau macho.