Mwenzetu Akizidiwa na Mawazo: Kabla ya Faini, Tumtembelee

(Mazungumzo na viongozi na wanachama wa vikundi vya kujisaidia)

 

Leo hatukuja kuzungumza juu ya kuku, wala mizinga ya nyuki, wala jinsi ya kuandika kitabu cha hesabu. Tumekuja kuzungumza juu ya ugonjwa ulio katika kila kijiji lakini hauandikwi kwenye ajenda ya mkutano. Ni ugonjwa wa akili.

Mkisikia neno hilo, wengi wenu mnamfikiria yule mtu anayezunguka sokoni akiongea peke yake. Huyo ni mgonjwa kweli, na tutamtaja. Lakini wako wengi zaidi wanaougua huku wamevaa vizuri, wamekaa kanisani, wamekaa hata hapa kwenye mkutano, na hakuna anayejua. Hao wanaugua wasiwasi uliozidi au huzuni iliyozidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 katika kila watu 8 duniani alikuwa na ugonjwa fulani wa akili, na ugonjwa wa wasiwasi ndio uliokuwa na watu wengi zaidi. Sasa kila mmoja ahesabu wanachama wa kikundi chake, afikirie.

Tunataka mrudi nyumbani na jambo moja. Mwanachama akianza kukosa mikutano na kuchelewesha mchango, kabla ya kumtoza faini, tumtembelee. Huenda si mkaidi. Huenda ni mgonjwa, na ugonjwa wake unatibika.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme kuna mama mmoja katika kikundi cha akina mama 20. Ni hodari, mchango wake haujawahi kuchelewa. Anachukua mkopo wa kikundi, ananunua ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe anakufa kwa ugonjwa wa kupe. Bwana yuko mjini na pesa haziji. Mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Usiku mama halali. Saa nane za usiku moyo unapiga mbio, jasho linatoka, kifua kinabana. Anadhani ni ugonjwa wa moyo. Anaenda dispensari, anapimwa malaria, haionekani, anapewa tembe za maumivu. Usiku ule ule mambo yanaanza tena. Sasa hata simu ikilia anatetemeka, maana anafikiri ni mweka hazina. Siku ya mkutano anavaa, anafika njiani, miguu inakataa, anarudi.

Kikundi kinasema nini? "Ametukimbia. Anakula pesa zetu." Faini ya kwanza, faini ya pili. Mara ya tatu wanachama wanaenda kuchukua meza na sufuria. Majirani wanasema amerogwa.

Haya, tuulizane. Je, kikundi kimepata pesa zake? Meza moja hailipi ng'ombe. Kikundi kimepoteza mkopo na kimepoteza mtu. Na yule mama aliyekuwa na hofu tu, sasa ana hofu na aibu.

WASIWASI NI KITU GANI?

Wasiwasi wenyewe si ugonjwa. Mungu ametupa wasiwasi kama vile sisi tunavyofuga mbwa wa kulinda boma. Mwizi akija, mbwa anabweka, nasi tunaamka. Ukikutana na nyoka shambani, moyo unaenda mbio, damu inakimbilia miguuni, pumzi zinakuwa fupi, ili uweze kuruka. Nyoka akienda, mwili unatulia. Huyo ni mbwa mzuri.

Lakini kuna mbwa anayebweka usiku kucha kwa sababu ya jani la mgomba. Hakuna mwizi, naye hanyamazi, na hakuna anayelala. Huo ndio ugonjwa wa wasiwasi. Mtu ana hofu siku nyingi kuliko siku za amani, kwa miezi kadhaa, na hofu hiyo inamzuia kulala, kula, kufanya kazi na kukaa na watu. Mara nyingi husema habari za mwili tu: kichwa, tumbo, mgongo, mapigo ya moyo, uchovu. Hasemi "nina hofu." Anasema "mwili hauna nguvu." Msimwambie anajifanya. Maumivu yale ni ya kweli.

Kuna ndugu wengine wa ugonjwa huu:

Hofu ya ghafla. Inampanda mtu kwa dakika chache mpaka anadhani anakufa, kisha inashuka. Halafu anaishi akiogopa kwamba itarudi.

Ugonjwa wa huzuni. Kwa wiki 2 au zaidi mtu hafurahii kitu chochote, hana nguvu, anajiona hana maana. Unaweza kumpata mama aliyejifungua karibuni. Huyo hamchukii mtoto wake. Ni mgonjwa.

Hofu inayobaki baada ya jambo baya. Walioona nyumba zikichomwa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, waliobakwa, waliopata ajali mbaya barabarani, wengine huona mambo yale tena usiku kama yanatokea leo.

Magonjwa yanayompotosha mtu fahamu, kama skizofrenia. Mtu anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anaamini watu wanamwinda. Huyu asifungwe kamba wala mnyororo. Apelekwe hospitali, kwa maana zipo dawa za kumsaidia.

Tahadhari moja. Mtu akichanganyikiwa ghafla huku ana homa, huenda malaria imepanda kichwani au ni ugonjwa mwingine wa ubongo. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, si kesho. Na kifafa ni ugonjwa wa ubongo, wala si laana. Nacho kina dawa.

UNALETWA NA NINI?

Mara nyingi sababu haiwi moja. Chungu hukaa juu ya mafiga matatu.

Figa la kwanza ni mwili wenyewe. Kuna koo ambazo magonjwa haya huonekana zaidi. Kuna magonjwa mengine, kama ya tezi ya shingo, ambayo hufanya moyo uende mbio na mtu atetemeke. Kwa hiyo ni vizuri kupimwa kwanza.

Figa la pili ni mambo ya maisha: deni, kufiwa, kupigwa nyumbani, njaa, kesi ya shamba, ugonjwa wa muda mrefu.

Figa la tatu ni yale yanayoongeza moto: pombe, miraa, kukosa usingizi, na kukaa peke yako. Wanaume, sikieni hapa. Mzee akianza kunywa chang'aa kila jioni "ili apate usingizi", huenda anajitibu hofu ambayo hajamwambia mtu. Pombe humlaza leo, kesho hofu inarudi imeongezeka.

Mtu atauliza, "Na mapepo je? Na uchawi?" Sisi tunasema hivi. Kuomba tuombe, na padre au katekista aitwe. Lakini maombi hayamzuii mtu kwenda hospitali, kama vile hayatuzuii kupeleka mtoto chanjo. Someni habari za nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Alichoka mpaka akaomba afe. Malaika hakuanza kwa kumkemea wala kumwambia imani yake ni haba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Tujifunze hapo.

MATIBABU YAPO

Dawa ya kwanza ni kuzungumza na mtu anayejua kusikiliza. Msidhani huu ni mzaha. Nchini Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina nyanya 14 katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Kule Washona wana neno "kufungisisa", yaani kufikiri kupita kiasi. Sisi pia tunasema "ana mawazo mengi." Nyanya hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Anamsikiliza, wanaorodhesha shida zote, wanachagua moja tu, wanapanga hatua ndogo ya wiki hiyo. Baadaye mgonjwa anaalikwa kwenye kikundi ambako watu hufuma mikoba huku wakizungumza. Mnaona? Ni kikundi kama chenu.

Jambo hilo lilichunguzwa katika kliniki 24 za Harare, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi 6, katika kila watu 100 waliopata huduma ya kawaida, karibu 50 walikuwa bado na dalili za ugonjwa wa huzuni. Kwa wale waliokaa na nyanya, ni karibu 14.

Hata hapa kwetu, pembezoni mwa Nairobi, wahudumu wa afya wa vijijini walifunzwa kuwasaidia kwa njia kama hiyo akina mama waliokuwa wametendewa ukatili. Walionana mara 5. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2017, na akina mama wale walipata nafuu zaidi ya wenzao.

Dawa ya pili ni kutuliza mwili. Tufanye pamoja sasa hivi. Keti vizuri, mkono juu ya tumbo. Vuta pumzi polepole mpaka tumbo lisukume mkono, ukihesabu 1, 2, 3. Toa polepole, 1, 2, 3. Endelea dakika chache. Mfanye kila siku, hata wakati hakuna hofu, ili hofu ikija mwili uwe umezoea.

Dawa ya tatu ni zile za hospitali. Dawa za huzuni na wasiwasi huchukua wiki 2 mpaka 4, pengine zaidi, kabla ya kuonyesha nguvu. Wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazifai. Wengine huziacha ghafla wakishapata nafuu, na ugonjwa unarudi. Mgonjwa asiache bila kumwuliza daktari. Na dawa za usingizi kama Valium zisinunuliwe kiholela. Mwili huzizoea upesi, na kuziacha ni kazi.

Mahali pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu. Hospitali ya Mathari iliyoko Nairobi, ambayo ilianza mwaka 1910, si mahali pekee. Baadhi ya hospitali za kaunti zina kitengo cha afya ya akili. Mwambieni muuguzi wazi: "Mwenzetu halali na ana hofu," msiseme kichwa tu.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Andikeni katika katiba ya kikundi kwamba anayekosa mikutano 2 mfululizo atatembelewa na watu 2 kabla ya faini yoyote.

2. Wanaomtembelea wawe wale anaowaamini. Waende bila kitabu cha madeni. Deni litazungumzwa siku nyingine.

3. Wasikilize zaidi ya kusema. Wasimwambie "jikaze" au "wengine wana shida kuliko wewe." Waulize, "Umelala vipi siku hizi?" Swali hilo hufungua mlango.

4. Waliyoyasikia yasifike kisimani wala sokoni. Siri ikitoka, hakuna mwingine atakayesema.

5. Mmoja amsindikize kwenye kituo cha afya, na akina mama wengine wapalilie shamba lake siku hiyo.

6. Akipata nguvu, mpangieni kulipa kidogo kidogo. Deni lililopangwa upya hulipika. Deni la mtu aliyejificha halilipiki.

TUSIOGOPE KUULIZA HILI

Mtu akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali kunamtua mzigo. Msimwache peke yake. Ondoeni karibu naye dawa za kunyunyizia mimea, dawa ya kuogeshea ng'ombe na kamba. Mpelekeni hospitali. Msalaba Mwekundu wa Kenya una nambari ya simu ya bure, 1199, ya kuzungumza na mshauri.

Wengine walificha jambo hili wakiogopa polisi, maana kwa miaka mingi kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha sheria za jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Basi mtu huyo ni wa kutibiwa, si wa kupelekwa seli.

Wapendwa, tumezoea kusema kikundi ni pesa. Lakini pesa zile zinatoka mikononi mwa watu, na mtu akianguka mchango unaanguka naye. Tuwatunze watu. 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika mwaka uliopita, ni wanachama wangapi waliacha kuja? Kuna aliyekwenda kuwaona?

2. Hapa kwetu mtu mwenye mawazo mengi anaitwa majina gani? Majina hayo yanamsaidia au yanamwumiza?

3. Ni nani 2 katika kikundi chetu ambao watu huwaamini na siri zao? Je, wako tayari kwa kazi hii?

4. Kituo cha afya kilicho karibu nasi kinahudumia magonjwa haya siku gani? Nani ataenda kuuliza kabla ya mkutano ujao?