Pale Nguvu Zinapogonga Mwamba: Shujaa wa Kike Katika Riwaya za Vijana

Utangulizi



Wonder Woman alijitokeza mara ya kwanza mwaka 1941 katika jarida la katuni la Marekani, akiwa amebuniwa na mwanasaikolojia William Moulton Marston. Kwa miongo mingi aliishi katika vibonzo, ambamo mchoro huonyesha ngumi na mruko kabla msomaji hajasoma neno. Siku hizi yeye na wenzake wameingia katika riwaya za vijana, na humo hakuna mchoro wa kuwabeba. Hoja yangu ni kwamba riwaya ya shujaa wa kike hupata uhai pale nguvu zake zinapogonga mwamba. Nitaitetea kwa vitabu viwili, kisha nitoe mapendekezo.

Diana: nguvu mbele ya uamuzi

Katika Wonder Woman: Warbringer (2017) ya Leigh Bardugo, Diana, yaani Wonder Woman mwenyewe, bado ni kijana, na ana hamu ya kuwathibitishia Waamazoni wenzake, wanawake wapiganaji wa kisiwa chao, kwamba anastahili kuwa mmoja wao. Akiwa katikati ya mashindano ya mbio, anaona chombo kikilipuka baharini. Anajitosa na kumwokoa msichana aitwaye Alia, ingawa kumleta mgeni kisiwani ni mwiko. Baadaye anagundua kwamba Alia ni wa uzao wa Helen wa Troy, na kwamba akibaki hai atasababisha vita vya kuangamiza dunia. Akifa, vita vinaepukika. Kumtoa msichana majini kulihitaji misuli, lakini swali la kumwacha aishi au afe halijibiwi kwa misuli. Diana anaamua kumpeleka Ugiriki, kwenye chemchemi ambako laana hiyo inaweza kuondolewa, na kila hatari inayofuata inazaliwa na uamuzi huo. Ndiyo maana msomaji hafungi kitabu.

Shuri: nguvu ya kuuliza

Nic Stone alichapisha Shuri: A Black Panther Novel mwaka 2020. Shuri ni binti wa kifalme wa Wakanda, nchi ya kubuni, mwenye umri wa miaka 13. Mmea unaompa Black Panther, shujaa mlinzi wa nchi hiyo, nguvu zake unakufa, na hakuna anayejua sababu. Shuri anatoka nje ya nchi yake, pamoja na rafiki yake K'Marah, kutafuta chanzo. Silaha yake kubwa ni akili inayochunguza. Msichana wa darasa la saba hawezi kuruka angani, lakini anaweza kuuliza kwa nini mmea umenyauka na kutafuta jibu. Kitabu kinampa ushujaa anaoweza kuuanza leo.

Mapendekezo

1. Nguvu ya shujaa iwe na mpaka, na msomaji auone mapema.

2. Uamuzi mkuu uwe wake. Akitokea mjomba, mwalimu au kijana wa kiume kumwokoa katika sura ya mwisho, tumempokonya riwaya yake.

3. Apewe rafiki. Diana ana Alia, Shuri ana K'Marah. Katika mazungumzo yao tunasikia hofu ambayo shujaa aliye peke yake angeificha.

4. Tuchote kwetu. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwahamasisha Wagiriama wa pwani ya Kenya kuwapinga wakoloni Waingereza, akitumia ngoma ya kifudu na viapo. Wakoloni walimkamata na kumpeleka Kisii, mbali kabisa na pwani. Akatoroka, akarudi kwao kwa miguu. Mwandishi anayetaka kumpa msichana wa Kilifi nguvu za ajabu ajifunze kwanza mama huyu alitenda nini bila nguvu hizo.

Hitimisho

Naomba kila mshiriki, katika kipindi cha mazoezi, aandike kwanza sura ambamo nguvu za shujaa wake zinashindwa. Aonyeshe msichana huyo anafikiri nini, anamwendea nani na anaamua nini. Hapo tutajua kama tuna mhusika wa kubeba riwaya nzima. Watoto wetu wa kike wanastahili mashujaa wanaofikiri, kwa Kiswahili, na kazi hiyo ni yetu.