Mnara Upo, Biashara Iko Wapi?

Maneno ya mjumbe wa Kamati ya Fedha kwenye hafla ya harambee, Dar es Salaam



Mmezoea mhasibu akisimama asome matumizi. Leo nataka kusema habari ya mapato yanayotupita.

Wengi hapa tunakumbuka barua ya nyumbani ilivyosubiri jahazi. Leo mtu yuko Ilala anamtumia mama yake hela Kilindoni kabla chai haijapoa. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam kwa chini ya bahari. Tushukuru. Ila kwa ninavyoona mimi, simu kwetu bado ni chombo cha kupokea hela kutoka bara. Kuuzia, bado.

Kuhusu minara nitasema kidogo. Kisiwani chumvi inakula chuma, umeme unahitajika usiku na mchana, na kampuni ikihesabu wateja wa Jibondo au Juani inaona hasara. Ndiyo maana upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, unaotoa ruzuku kwa sehemu kama hizo. Chama chetu hakijengi mnara, na asitokee mtu akawachangisha kwa jina hilo.

Kilicho ndani ya uwezo wetu ni hiki. Tangu 2023 zabuni za umma zinapitia mfumo wa NeST. Madawati ya shule, rangi ya zahanati, chakula cha semina ya halmashauri, vyote humo. Na sheria inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Thelathini, ndugu zangu! Sasa fundi seremala wa Kirongwe anayetambua mninga kwa kuunusa tu, kama hayumo kwenye mfumo, hayumo. Kazi anapata mtu wa bara, madawati yanapakiwa boti Nyamisati, na yanapita mbele ya karakana yake.

Kujisajili si uchawi. Kikundi kinahitaji cheti, TIN, akaunti ya benki, barua pepe inayofunguliwa kila siku, na mtu wa kusoma masharti ya zabuni mpaka mwisho. Huyo wa mwisho ndiye haba. Kina mama wamenijia ofisini, wamevuka bahari na kulala kwa ndugu siku tatu, kwa kazi ya saa moja ya kompyuta. Kikundi kimoja kilifunguliwa akaunti na kijana wa steshenari kwa namba yake mwenyewe ya simu. Kijana akahama, akaunti ikaenda naye.

Tunaomba chumba kimoja Kilindoni. Kompyuta mbili, printa, sola na betri, laini za kampuni mbili tofauti ili moja ikikwama nyingine ifanye kazi, na kijana wetu aliyesomea biashara, alipwe miezi 12. Nywila zitabaki kwa vikundi wenyewe; hilo nitalisimamia. Wenye nyumba ndogo za wageni nao wasaidiwe kuweka picha na bei mtandaoni, maana mgeni wa papa potwe, wale wa Oktoba hadi Machi, anachagua pa kulala akiwa bado Ulaya. Baada ya mwaka watumiaji walipe ada. Ada zisipofika nusu ya mshahara wa kijana, mimi mwenyewe nitapendekeza tufunge.

Wapo waliouliza kwa nini fedha hizi zisinunue vitanda vya zahanati. Swali la haki, na sitamfurahisha kila mtu. Hesabu yangu ni kwamba zabuni moja ikibaki nyumbani, hela yake itazunguka madukani na kwa bodaboda wa huko huko, na mwakani vitanda tutavichangia pamoja na watu walioko kisiwani, si sisi wa mjini peke yetu.

Makisio yako ukurasa wa pili wa fomu ya ahadi. Atakayelipa kwa simu amtumie mweka hazina na ujumbe wenye jina lake kamili, kwa sababu mwaka jana michango iliingia kwa jina la Baba Asha, na Baba Asha kwenye orodha yetu wako watatu.