Dini na Serikali: Habari za Orkoiyot

Wasikilizaji, msafiri atokaye Nakuru kwenda magharibi hupita Salgaa, mahali wanapopumzika madereva wa malori, kisha hupanda mpaka Mau Summit. Hapo barabara hugawanyika. Moja yaenda Kericho kwa Wakipsigis, na nyingine yaenda upande wa Eldoret, ambako msafiri aweza kushika njia ya kwenda kwa Wanandi. Makabila hayo mawili yalikuwa na cheo kimoja kilichowatia mashaka watawala wa kikoloni, nacho ni cheo cha orkoiyot.

Orkoiyot hakuwa mfalme. Magomvi ya watu yaliamuliwa na mabaraza ya wazee. Kazi yake ilikuwa kubariki na kutabiri: vijana hawakwenda vitani bila idhini yake, na baraka zake zilitakiwa wakati wa kupanda na katika sherehe kubwa. Alitoka katika ukoo wa Talai. Wala hakuwa juu ya watu wake. Mwaka 1890 Wanandi walimwua Kimnyole arap Turukat, wakimshtaki kuwa amewaletea maafa.

Serikali ya Kiingereza ilipokuja, ilitazama jambo hili kwa macho ya utawala tu. Ilimwona mtu ambaye neno lake laweza kuwakusanya vijana, ikasema moyoni: mafahali wawili hawakai zizi moja. Koitalel arap Samoei, mwana wa Kimnyole, aliwaongoza Wanandi kuwapinga wageni na reli yao tangu mwaka 1895. Tarehe 19 Oktoba 1905 alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen, ofisa wa jeshi, katika mkutano ulioitwa kuwa wa mapatano.

Mwaka 1923 Wanandi walijitayarisha kwa sherehe ya saget ab eito, ambayo kwayo rika moja hulikabidhi rika jingine madaraka. Serikali ilihofu kwamba chini ya sherehe hiyo kulikuwa na maasi. Ikaipiga marufuku, ikamkamata Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel. Alifunguliwa mwaka 1964, Kenya ikiwa imekwisha kupata uhuru. Alitoka kifungoni akiwa mzee.

Kwa Wakipsigis adhabu iliuangukia ukoo mzima. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuwahamisha Watalai, nao wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, nchi ya joto na mbung'o. Wanawake na watoto walihamishwa pia, kosa lao likiwa kuzaliwa katika ukoo ule. Hata jina la sheria hiyo liliwaita “laibon”, neno la Wamasai. Serikali iliwafukuza watu pasipo kujua jina lao.

Yafaa kulinganisha na Japani. Huko, baada ya mwaka 1868, serikali haikuipiga dini ya Shinto bali iliikumbatia. Mahekalu yakawekwa chini ya serikali, na watoto wakafundishwa shuleni kwamba Mfalme wao ni wa uzao wa mungu wa kike wa jua. Hivyo kumwabudu na kumtii vikawa jambo moja, na watu wengi wakaenda vitani kwa imani hiyo. Japani iliposhindwa, amri ya tarehe 15 Desemba 1945 iliitenga Shinto na serikali, na Katiba iliyoanza kutumika mwaka 1947 ikathibitisha hivyo. Mahekalu hayakufa, watu wangali wakienda kuomba kwa hiari yao.

Basi mkono uliopiga na mkono uliokumbatia ulifanya kosa lile lile: kila mmoja uliifanya imani ya watu kuwa chombo cha utawala, cha kuvunjwa au cha kutumiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema katika kifungu cha 8 kwamba nchi haina dini ya serikali, na kifungu cha 32 chalinda uhuru wa kila mtu kuamini na kuabudu. Maneno hayo ni machache, lakini wazee wa Talai wanaijua bei yake. Serikali yaweza kumhukumu mtu kwa tendo alilolitenda. Ikianza kuwahukumu watu kwa baraka wanazozitafuta, au kwa ukoo waliozaliwa humo, haki imekwisha kuondoka barazani.