Kamera ya Kuvuta Mbali

Leo tutafanya hesabu ya kugawanya, lakini hatutagawanya machungwa wala mashamba. Tutagawanya namba zilizoandikwa kwenye lenzi ya kamera, yaani kile kioo cha mbele. Mwalimu wa darasa, tafadhali uwe tayari na chaki yako. Nawe unayesoma karatasi hii baada ya kipindi, usiharakishe.

Kwanza nitawaambia kwa nini nimechagua habari hii. Mimi nakaa Pugu. Tangu tarehe 14 Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, jamaa wengi wa huku wamepata hamu ya kutembea. Wengine wakifika Morogoro hupanda basi la Iringa mpaka Mikumi, ambako barabara kuu hupita katikati ya hifadhi ya wanyama. Kila atembeaye hutaka picha. Basi jirani huja barazani kuniuliza, "Mzee, ninunue kamera gani?" Huniuliza mimi kwa sababu wanajua kwamba niliwahi kununua vibaya.

Habari yenyewe ni hii. Mama yangu alilima maisha yake yote upande wa Kisarawe, wala hakupata kumwona tembo. Alisema angependa amwone, na awaonyeshe wenzake picha yake. Nikaweka akiba miezi kumi, nikaenda mjini. Juu ya boksi la kamera paliandikwa 80x kwa rangi nyekundu. Muuzaji akaniambia, "Hii huvuta mara themanini, mzee wangu." Nilijua kusoma 80. Maandishi madogo yaliyokuwa chini yake sikuyatazama.

Tukaenda Mikumi. Tembo tuliwaona kweli, watatu na mtoto wao, wamesimama mbali chini ya mbuyu. Nikavuta mpaka mwisho, nikapiga picha. Tuliporudi nikazipeleka picha studio kusafishwa. Mama akaishika ile picha, akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Mwanangu, hawa ni tembo au ni mawe?" Tukacheka. Lakini wenzake hawakucheka, walimwambia kuwa ni mawe. Alifariki mwaka uliofuata, na katika wale wenzake wawili wangali wanasema kuwa aliona mawe.

Haya, sasa tutazame yale maandishi madogo. Mwalimu, andika ubaoni herufi mbili, O na D. Kwenye boksi la kamera utaona maneno mawili ya Kiingereza. Moja huanza kwa O, nalo ni OPTICAL. Jingine huanza kwa D, nalo ni DIGITAL. Si lazima ujue Kiingereza, herufi ya kwanza yatosha.

O ni kuvuta kwa lenzi. Ndani ya lenzi mna vioo kadhaa, navyo husogea mbele na nyuma kama vioo vya darubini. Tembo aliye mbali huja karibu kweli, pamoja na mikunjo ya ngozi yake.

D si kuvuta. Kamera huchukua picha ile ile, hukata kipande cha katikati, kisha hukipanua. Chukua kanga, ukate kipande kama kiganja, halafu ukivute mpaka kienee kitanda kizima. Utaona nini? Nyuzi zimeachana. Ndivyo ilivyo picha ya D. Kukata na kupanua unaweza kufanya mwenyewe nyumbani, kwa simu, bila gharama. Basi kwa nini ukalipie dukani?

Kamera yangu ilikuwa na O mara 5 na D mara 16. Mwalimu, andika: 5 mara 16 ni 80. Nilikuwa nimelipia themanini nikapewa tano.

Sasa tugawanye. Hata boksi likipotea, lenzi yenyewe huwa imeandikwa. Kamera iitwayo Canon PowerShot SX740 HS, iliyotolewa mwaka 2018, lenzi yake huanzia milimita 4.3 na kufika 172. Gawanya kubwa kwa ndogo. Ili kuondoa nukta, zidisha zote mbili kwa kumi: 1720 gawanya kwa 43. Mmepata 40? Vyema. Hiyo ni O mara arobaini. Ndugu yake SX70 HS, ya mwaka huo huo, huanzia 3.8 na kufika 247. Mwalimu, 2470 kwa 38. Jibu ni 65. Ya tatu ni Sony RX10 IV ya mwaka 2017. Huanzia 8.8 na kufika 220. Basi 2200 kwa 88 ni 25.

Nikiuliza ipi ni bora, najua darasa litapiga kelele, "Sitini na tano!" Ngojeni kwanza.

Jibu la kugawanya hutuambia tu kwamba mwisho ni mara ngapi ya mwanzo. Halituambii mwanzo wenyewe ni wapi. Kwa sababu hiyo watengenezaji huandika kipimo cha pili, cha kulinganishia kamera zote. Kwa kipimo hicho SX740 huanzia 24 na kufika 960, SX70 huanzia 21 na kufika 1365, na ile Sony huanzia 24 na kufika 600. Namba ya mwisho ni ya tembo. Namba ya mwanzo ni ya sebule. Katika sebule zetu za Pugu, siku ya kumtoa binti, shangazi na mashemeji na watoto wote husongamana, na mpiga picha hurudi nyuma mpaka mgongo wake ugonge ukuta. Namba ya mwanzo ikiwa ndogo, lenzi huona kwa upana, na shangazi wa pembeni hakatwi bega. 21 au 24 yafaa. 28 hubana kidogo.

Liko jambo la mwanga pia. Tafuta kwenye lenzi namba nyingine, kama 1:3.4-6.5. Acha ile moja, tazama zinazofuata. Hapa, kinyume cha mambo yote ya sokoni, namba ndogo ndiyo iliyo bora, kwa kuwa lenzi hufunguka zaidi na kupitisha mwanga mwingi. SX70 ukiivuta mpaka mwisho husimama kwenye 6.5. Ile Sony mwisho wake ni 4, nayo hupitisha mwanga zaidi ya mara mbili na nusu. Tena kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, katika Sony eneo lake ni kama mara nne ya kile cha Canon hizi mbili. Kwa hiyo jua likizama, ile ya 25 hutoa picha safi, na ile ya 65 hutoa picha ya chenga chenga. Lakini Sony ni ghali kupita zile nyingine kwa mbali sana. Mimi sikuweza kuinunua, na sioni haya kusema.

Uzito nao usidharauliwe. Nikon Coolpix P1000 ya mwaka 2018 huvuta mara 125, nayo ina kilo moja na gramu 400 na zaidi. SX740 haifiki gramu 300. Ile nzito hubaki nyumbani kabatini, nimeona kwa macho yangu.

Ukivuta mbali, mkono ukitetemeka kidogo tu picha nzima huruka. Shona mfuko mdogo wa kitambaa, utie mchele, uuweke juu ya dirisha la gari, kisha uegemeze kamera hapo. Mwambie dereva azime injini. Nenda asubuhi, kwa maana adhuhuri hewa ya moto hutetemeka juu ya nyasi, na hapana lenzi iwezayo kuituliza.

Na kama huna haja ya wanyama, wala mtoto wako hachezi mpira uwanja wa mbali, wala huketi nyuma kabisa kwenye mahafali? Usinunue. Simu nzuri yatosha kwa sebule.

Ukifika dukani Kariakoo, usiipime kamera ndani. Omba utoke nayo mlangoni. Mwambie muuzaji aizime ile D kwanza, kisha vuta hadi mwisho na upige picha ya kibao cha duka la mbali. Itazame. Kama unaweza kusoma herufi za kibao, vyema. Hapa ndugu mliojifunza kusoma mwaka huu mna faida: muuzaji hawezi kuwasomea tofauti.

Zoezi la wiki hii ni hili. Lenzi ya Nikon Coolpix P900, ya mwaka 2015, huanzia 4.3 na kufika 357. Gawanyeni. Msishangae ikibaki 1. Tena andikeni sentensi mbili juu ya picha moja ya nyumbani kwenu: ni ya nani, na ilipigwa wapi. Mimi nitaandika juu ya mawe ya Mikumi.