Mbwa Mweupe Mlinzi wa Kondoo

Wasikilizaji wamjuao mbwa wa boma, abwekaye mlangoni pa bwana wake, huenda wataona ajabu kusikia habari za mbwa asiyelinda nyumba wala mtu, ila kondoo tu. Mbwa huyo ni wa milima ya Pyrenees, itenganishayo Ufaransa na Uhispania. Wafaransa humwita Patou. Ni mweupe, mwenye manyoya marefu. Dume hufika kimo cha sentimita 80 begani, na uzito wa kilo 60 hivi, sawa na mtu mzima. Hafukuzi kondoo huku na huku. Mchana husinzia kati yao, na usiku huzunguka akibweka, ili dubu na mbwa mwitu wajue ya kuwa kundi lina mwenyewe.

Wanyama hao wakali walipokaribia kwisha, Patou naye alikosa kazi, na mahali pengi desturi ya kumlea ikasahauliwa. Kisha mwaka 1992 mbwa mwitu walionekana tena Ufaransa, wakitoka Italia, na mwaka 1996 dubu walioletwa kutoka Slovenia walifunguliwa katika Pyrenees. Wachungaji wakamtaka Patou tena, na ikawa lazima kujifunza upya kumtunza.

Mtoto wa mbwa hutiwa zizini apatapo majuma manane hivi, ili awazoee kondoo kama ndugu zake. Hapa ndipo wengi huharibu. Mmoja humwonea huruma, akamwingiza jikoni, watoto wakacheza naye. Mbwa huyo akikua huliacha kundi akaja kulala mlangoni. Mwingine hamgusi kabisa, naye hukua hashikiki, hata kumvisha ukanda wa shingoni ni vita, seuze kumpiga sindano ya kichaa cha mbwa. Yafaa mwenyewe amshike kila siku kwa muda mfupi, zizini humo humo, amzoeze kamba na kuguswa masikio, kinywa na miguu, kisha amwache na kondoo wake. Wala asimtegemee kwa ulinzi kamili kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu au miwili.

Manyoya yake yana tabaka mbili. Ya nje ni marefu na magumu kidogo, huzuia mvua na theluji. Ya ndani ni laini, yamesongamana kama pamba, huhifadhi joto la mwili. Mtu amwonaye anahema juani hudhani kumnyoa ni kumtendea wema. Si wema hata kidogo. Manyoya hayo humkinga na jua pia, na yakinyolewa huenda yasiote kama kwanza. Dawa ya joto ni kivuli, maji mengi na kuchanwa vema. (Mtu wa Mombasa atakaye mbwa huyu kwa uzuri wake tu, na afikiri sana kwanza.) Kuchana mara moja kwa juma kwatosha, ila manyoya ya ndani yanapong'oka kwa mafungu, baridi ikiisha, achanwe kila siku. Kitana kifike karibu na ngozi. Kuchana juu juu hupendeza macho, lakini chini manyoya hufungamana kama mkeka, yakaficha kupe, unyevu na vidonda, hasa nyuma ya masikio na mapajani.

Kila mguu wa nyuma una vidole viwili vya ziada upande wa ndani. Kucha zake hazigusi ardhi, basi haziliki. Zisipokatwa hupinda zikaingia nyamani.

Mtoto wa mbwa mkubwa asinoneshwe, kwa maana uzito ukiizidi mifupa, nyonga huharibika. Mbwa mzima apewe chakula mara mbili kwa siku, wala asikimbizwe akiisha kula. Tumbo likivimba, naye akijaribu kutapika bila kutoa kitu, huenda tumbo limejaa hewa na kujipinda. Apelekwe kwa daktari wa wanyama saa ile ile, asingojee asubuhi.